Bipola: maswali ambayo watu wananiuliza kila siku

Mimi ni nesi wa magonjwa ya akili hapa Kampala, na kwa sababu naongea Kiswahili, wagonjwa wanaotoka Arua, Busia, Bombo na hata ndugu zetu Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wanapenda kuniletea mimi maswali yao, mengine wodini, mengine kwa simu usiku. Haya ndio yanayorudi rudi, nimeyajibu vile ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu.

Musawo (ndivyo Waganda wanavyomwita daktari ama nesi), bipola ni nini? Ndio kichaa chenyewe ama ni kitu kingine?

Ni ugonjwa unaovuruga hali ya moyo, usingizi na nguvu za mtu. Kuna wakati anapanda kupita kiasi, hio tunaita mania, inakaa wiki moja au zaidi. Kuna wakati anashuka, anaishiwa hamu ya kila kitu, hio ni depresheni, inakaa wiki mbili na mara nyingi inafika miezi. Na katikati ya hapo mtu anakuwa mzima, anafanya kazi, analea watoto, analipa karo, anaweza kukaa hivo miezi hata miaka. Hapo katikati ndipo watu wanakosea sana, maana wakishakuona umepanda mara moja tu basi kwao wewe ni mulalu, yaani kichaa, mpaka kufa, ukicheka umeanza, ukikasirika umeanza, ukinyamaza pia umeanza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa na ugonjwa huu, na wengi wao huwezi kuwajua kwa kuwaangalia.

Jirani yangu asubuhi anacheka, jioni ananuna. Si ndio hio hio?

Hapana, huyo ana siku mbaya kama wewe na mimi. Tafadhali tusimwite kila mtu anayetuudhi kwa jina la ugonjwa.

Mtu akianza kupanda, sisi wa nyumbani tutajuaje?

Angalia usingizi kwanza. Kuna dada mmoja anauza vitenge soko la Owino hapa Kampala, nimebadilisha vitu kidogo ili asijulikane. Alianza kulala masaa mawili tu na asubuhi hana uchovu hata kidogo, saa tisa za usiku anaosha nyumba na kuimba, anaongea haraka mpaka maneno yanagongana, na mwanzoni biashara ilipanda kweli kwa sababu alikuwa anaita wateja vizuri, familia ikasema Mungu amemfungulia mlango. Alafu akaanza kuchukua mikopo ya simu, mmoja juu ya mwingine, akawa anapigia wateja simu usiku wa manane kuwaambia ataleta kontena zima kutoka Dubai, na siku moja akagawa vitenge bure kwa kila aliyepita mpaka meza ikabaki tupu. Mtu akimzuia anakuwa mkali. Yeye mwenyewe alikuwa haoni shida, na hio ndio sehemu ngumu ya mania, mgonjwa anajisikia vizuri kuliko maisha yake yote.

Baada ya kupanda akashuka, akakaa chumbani wiki nyingi, kuoga hawezi, madeni yanamsubiri, na watu wanasema aibu ndio inamuua kumbe ni ugonjwa ule ule umegeuka upande wa pili. Leo yuko sokoni, anakunywa dawa, anajua bei ya kila kitenge kwa kichwa, lakini kuna wateja wanahesabu chenji mara mbili mbele yake wakati muuzaji wa jirani hawamhesabii. Inaniuma sana hio.

Kwetu wanasema amerogwa, ama ni mizimu ya ukoo. Wewe unasemaje?

Nasema ukoo unaingia kweli lakini kwa njia ya damu, maana ugonjwa huu unarithiwa kwa kiasi. Mtoto wa mzazi mmoja mwenye bipola ana uwezekano wa karibu 10 kwa 100 wa kuupata, kwa hio wengi hawaupati. Juu ya hapo kuna vitu vinavyouchokoza, kukosa usingizi, msiba, kujifungua, bangi, mairungi (miraa), pombe kali kama waragi. Mara nyingi unaanza mtu akiwa kijana, miaka ya mwisho ya shule au ishirini na kidogo, na hauambukizi, unaweza kula naye sahani moja.

Kuomba sikatazi, mimi mwenyewe naomba. Mchungaji amwombee, shehe amsomee, lakini asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na asiambiwe atupe dawa ndio aonyeshe imani. Nimewaona watu wanaletwa na alama za kamba mikononi, wametoka kwa mganga baada ya miezi, na ng'ombe wa familia wameisha. Na kama mtu ameanza kuchanganyikiwa ghafla na ana homa, mkimbize apimwe malaria kwanza, malaria ikipanda kichwani inafanana na wazimu na inaua haraka.

Dawa zipo? Na atakunywa mpaka lini?

Zipo. Ya zamani ni lithiamu, daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949 na mpaka leo bado ni nzuri sana. Kuna kabamazepini, valproeti, olanzapini na nyingine, daktari ndiye anachagua. Hospitali za serikali zinatoa bure, ingawa saa zingine zinaisha stoo na unaambiwa ukanunue, hilo ni tatizo la kweli na watu masikini ndio linawaangusha.

Wengi wanakunywa kwa miaka mingi. Hapa Uganda tumeelewa vizuri mambo ya ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, kwamba mtu ana afya, ananenepa, na bado anameza kila siku kwa sababu vidonge ndio vinamweka hivo. Na hapa ni hivo hivo. Wagonjwa wengi ninaowapokea mara ya pili na ya tatu waliacha dawa walipojisikia wamepona, ama ndugu aliwaambia "si umeshapona, za nini?" Kama dawa inakunenepesha sana, inakufanya ulale mchana ama mikono inatetemeka, rudi useme, inaweza kubadilishwa. Kingine, ukienda kliniki ukiwa umeshuka usisahau kusema kwamba kuna wakati huwa unapanda, ukipewa dawa ya depresheni peke yake inaweza kukurusha juu.

Nakunywa lithiamu na Ramadhani inakaribia. Naweza kufunga?

Ongea na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, usiamue peke yako. Lithiamu inategemea maji na chumvi mwilini, ukikaukiwa inajaa kwenye damu na kuwa sumu. Ndio maana tunapima damu mara kwa mara, kiwango chenyewe, figo, na tezi ya shingo. Kuhara na kutapika pia ni hatari, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo madukani wanapewa watu kama peremende, zinaongeza lithiamu kwenye damu. Ukiona unatetemeka sana, unayumba, unaongea kama mlevi, unatapika, usimeze kidonge kingine, nenda hospitali siku hio hio.

Naweza kuzaa?

Unaweza, wako wengi tu wamezaa na wanalea. Lakini panga na daktari mapema, kwa sababu valproeti inaweza kumharibu mtoto tumboni, uti wa mgongo na ubongo, na kabamazepini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Usiache ghafla ukigundua una mimba, wahi kliniki.

Watu hawa si wanapiga? Naogopa.

Wengi hawapigi mtu, na mara nyingi wao ndio wanapigwa. Fikiria mtu amepanda, usiku anaingia kwenye ua wa mtu anataka kumpa habari njema, mwenye nyumba anapiga kelele za mwizi. Unajua vile kunakuwa hapa kwetu watu wakisikia neno mwizi.

Hatari kubwa zaidi ni mtu kujiua, hasa akiwa ameshuka ama anabadilika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Muulize wazi wazi, "unafikiria kufa?" Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndio, usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na vidonge ndani ya nyumba, na mpelekeni hospitali pamoja.

Nikipelekwa hospitali ya akili ya Butabika si maisha yangu yameisha?

Butabika ilifunguliwa 1955 na mpaka leo jina lake ni tusi mitaani, lakini ni hospitali, watu wanaingia na wanatoka, wengi baada ya wiki chache. Na sio lazima uje Kampala, hospitali za rufaa za Mbarara, Gulu, Arua, Mbale, Jinja na Masaka zina sehemu za akili. Sheria ya zamani ya 1964 imeondolewa na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, nayo inatambua kwamba mgonjwa ana haki, hata ya kujiingiza hospitali kwa hiari yake kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kaka yetu anarudi nyumbani wiki hii kutoka hospitali. Tumpokeeje?

Mrudishieni simu yake na funguo zake. Mambo ya pesa kubwa mkubaliane naye mwenyewe, aseme nani ashike kadi ya benki akianza kukosa usingizi, muandike akiwa mzima maana akishapanda hamtaelewana. Usiku alale mapema, zamu za usiku aziache kwanza. Msimuulize "umekunywa dawa?" kila anapokasirika, ana haki ya kukasirika kama nyinyi. Watoto waambieni baba alikuwa mgonjwa na anatibiwa, kabla hawajaambiwa kitu kingine na watoto wa jirani. Na tarehe ya kliniki iko kwenye kile kitabu chake cha hospitali, mmoja wenu aende naye.