Kabla ya Kuhesabu Kaboni, Uliza Mti Utakunywa Wapi

Asubuhi yenye jua kali, chukua mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, uvishe kitawi cha mwembe chenye majani mengi, kisha ukaze mdomo wake kwa uzi. Baada ya saa chache utaona ukungu ndani ya mfuko, halafu matone yakitiririka hadi kwenye kona. Maji hayo yametoka ardhini, yakapanda kwenye mirija ya shina na kutoka kwenye vitundu vya jani visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita stomata.

Vitundu hivyohivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi, ambayo mti huitumia kutengeneza sukari na hatimaye mbao. Takribani nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Lakini kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayochukuliwa, miti mingi hupoteza mamia ya molekuli za maji. Hakuna mti unaokusanya kaboni bila kulipa maji.

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Wapo wanaosema hiyo ni neema kwa miti, kwa kuwa inaweza kufumba vitundu kidogo na bado ikapata kaboni ya kutosha. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Kwa hiyo hewa yenye joto huyanyonya majani kwa nguvu zaidi, hasa pale udongo nao umekauka.

Hapo mti hubanwa pande mbili. Ukiacha vitundu wazi, maji yaliyo kwenye mirija huvutwa mno hadi viputo vya hewa hujitokeza, mirija ikaziba na matawi yakakauka kuanzia juu. Ukivifunga, mti hauchukui tena kaboni, ila unaendelea kupumua na kutumia wanga uliojiwekea akiba. Kiangazi kikirefuka, akiba hupungua.

Miti yetu ina mbinu zake. Ukipita Tabora au Katavi mwezi Septemba au Oktoba utaona miombo imevaa majani mapya mekundu wakati mvua haijanyesha. Hutumia akiba ya shina na maji ambayo mizizi huyafuata chini. Mkababu, ambao kitaalamu ni Faidherbia albida na sehemu nyingine huitwa mgunga, hupukutisha majani masika na kuyarudisha kiangazi, ndiyo maana mahindi yaliyo chini yake hayanyimwi mwanga.

Kwa sababu hiyo sipendi kampeni za upandaji zinazotangaza idadi ya miche pekee. Mche uliotoka kwenye kiriba una mizizi ya urefu wa kiganja, na kiangazi cha kwanza ndicho huumaliza. Mikaratusi nayo hukua haraka na hujaza kaboni haraka, kwa hiyo hunywa sana. Ipandwe mbali na chemchemi na kingo za mito. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji.

Mashamba mengi ya maeneo makame tayari yana miti iliyozikwa. Wakulima wa Dodoma wanaijua kazi ya kuifufua kwa jina la kisiki hai. Mti ulikatwa zamani, lakini mizizi yake bado ipo chini, imeshafika kwenye unyevu ambao mche utauhitaji kwa miaka kabla ya kuufikia. Kila msimu kisiki huchipua vijiti vingi, mbuzi wakavila au jembe likavifyeka.

Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya. Mengine yakate karibu na kisiki kwa panga kali, ili maji yote ya mizizi ile yaende kwa machache uliyobakiza. Funga kitambaa cha rangi kwenye kila chipukizi ulilobakiza, mwenye kulima akione. Machipukizi mapya yakitokea pembeni, yapunguze tena, na mifugo isiingie hapo hadi matawi yapite urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma.