Video ya Rwampara, na kwa nini nawasumbua watu wasikate klipu zao

Kazi yangu ni kuhariri na kutunza video zinazotoka vitani, nyingi ni za mashariki mwa Kongo, na kitu ninachowaandikia sana vijana wanaonitumia klipu ni kimoja: usikate, nitumie yote kama ilivyo. Wengi wanaona nawasumbua tu. Wanatoa ile sehemu simu inatikisika, wanatoa ile sehemu mtu anasalimiana na jirani, wanatoa ile sehemu kamera imeelekezwa mlimani na hamna kinachotokea, wanabakisha sekunde kumi za moto na kilio, alafu wanaweka na muziki wa huzuni juu yake. Ikinifikia hivyo inaniuma kweli, maana kilichotupwa ndicho nilichokuwa nakihitaji.

Ngoja nieleze kwa kesi moja ya huku kwetu maziwa makuu.

Februari 12, 2003, kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia kule Ituri. Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kundi lenye silaha la huko Ituri, kaenda kuwatembelea makuruta wa jeshi la kundi lake. Kamera ipo, inarekodi. Anaongea nao, anawatia moyo, watu wake wako pembeni akiwemo kamanda wake Bosco Ntaganda. Basi, ndio hivyo. Hakuna risasi, hakuna damu, ni kiongozi yuko ziarani anahutubia, yaani ukimpelekea mhariri wa taarifa ya habari siku hiyo huenda asiitazame hadi mwisho. Lakini kamera inapopita kwenye makuruta unaona watoto. Sio vijana wafupi, watoto.

Kesi ikaanza kusikilizwa Januari 2009 kule The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoiita ICC. Shtaka ni kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Upande wa mashtaka ukaleta vijana waliojieleza kwamba walikuwa askari watoto, ila majaji mwishowe wakaona sio salama kuutegemea ushahidi wao, kwa sababu baadhi ya watu wa kati waliotumika kutafuta mashahidi kule Ituri walitiliwa shaka kwamba waliwashawishi waseme uongo. Fikiria hapo. Kesi ya watoto, na maneno ya watoto wenyewe yamewekwa pembeni. Kilichobaki ni mashahidi wengine, nyaraka, na video. Machi 14, 2012 akakutwa na hatia, ikawa hukumu ya kwanza kabisa ya ICC tangu ianzishwe, na Julai mwaka huohuo akapewa miaka 14. Ukiisoma hukumu utakuta video zinatajwa kwa saa, dakika na sekunde, mtoto huyu anaonekana hapa, mlinzi yule mdogo anaonekana pale. Video ya Rwampara ikaja kutumika tena kwenye kesi ya Ntaganda, ambaye alikutwa na hatia 2019 na akahukumiwa miaka 30.

Sasa mtu akiniambia dakika za mwanzo hazina maana huwa nawaza kama yule aliyepiga video ya Rwampara angebakisha hotuba tu akafuta sehemu kamera inazunguka kwa makuruta, sijui majaji wangekuwa na nini mkononi.

Kuna upande mwingine wa hii kesi ambao watu hawausemi sana. Utetezi ulibishana kwamba huwezi kumuangalia mtoto kwenye video ukasema huyu ana 13 na huyu ana 16, na kusema kweli hoja hiyo sio ya kupuuza. Majaji wenyewe walikubali kwamba kwa wengi ni vigumu kujua, wakasema watawahesabu wale tu ambao ni wazi kabisa hawajafika 15. Rufaa ilipoamuliwa Desemba 2014 hukumu ikabaki, lakini Jaji Anita Ušacka hakukubaliana na wenzake, aliona ushahidi wa umri haujafikia kiwango kinachotakiwa. Mi nasimama na majaji walio wengi, nimeziangalia hizo picha na kwa baadhi ya wale watoto hamna mjadala. Ila hoja ya Ušacka nimeibeba kwenye mafunzo ninayotoa. Ukimrekodi mtoto aliyetoka msituni usiishie kwenye uso. Rekodi urefu wake akiwa kasimama karibu na mlango au kitu chenye kipimo kinachojulikana, muulize alikuwa darasa la ngapi alipochukuliwa na shule gani na mwalimu alikuwa nani, mzazi akiwepo muulize kama kuna cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki, na uipige picha hiyo karatasi pande zote mbili. Inachosha, najua, lakini hiyo karatasi inaweza ikasimama siku ambayo kumbukumbu za watu zimekanwa zote.

Mfano wa pili ni wa Kamerun, na huu ndio unaonyesha vizuri ule mlima niliosema watu wanaukata. Julai 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wanawaongoza wanawake wawili na watoto wawili, mmoja yuko mgongoni kabebwa, wanafungwa macho wanapigwa risasi. Serikali mwanzoni ikasema ni habari ya uongo, haijatokea Kamerun. Timu ya BBC Africa Eye ikaanza kuichambua wakishirikiana na wachambuzi wengine, na walianzia wapi? Kwenye sekunde za mwanzo, pale nyuma kunapoonekana mgongo wa milima. Wakalinganisha mstari wa ile milima na picha za setilaiti mpaka ukakubali, ni Zelevet, kaskazini kabisa mwa Kamerun karibu na mpaka wa Nigeria. Nyumba zilizoonekana kwenye video zikawapa mwaka, maana kwenye picha za setilaiti za tarehe tofauti unaona ipi imeshajengwa na ipi imeshabomolewa. Alafu kivuli. Mtu anatembea juani, kivuli chake kina urefu na uelekeo, ukishajua mahali unaweza ukapiga hesabu jua lilikuwa wapi angani, na hapo wakabana tarehe ikawa kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi Yaoundé ikawafunga wanajeshi wanne miaka 10 kila mmoja.

Mlima, nyumba na kivuli. Hakuna hata kimoja ambacho mtu angekibakisha kama angekuwa anaihariri kwa ajili ya kuposti. Kwahiyo ukiwa Goma na ni salama kuzungusha simu, zungusha taratibu, volkano ya Nyiragongo ionekane kama hali ya hewa inaruhusu, paa la kanisa lionekane, mnara wa simu uonekane, na useme kwa sauti leo ni tarehe ngapi na uko mtaa gani. Kama kuongea ni hatari, andika baadaye ukiwa ndani.

Hapa lazima niseme kuhusu watu walio mbele ya kamera, na hapa huwa nakuwa mkali. Kivu imejaa wanawake waliobakwa ambao wameshahojiwa na mwandishi huyu, na shirika lile, na mtengeneza filamu yule, kila mmoja anataka aanze mwanzo, kila mmoja anataka machozi. Sio sawa. Kama mama ameshaeleza na maelezo yapo yametunzwa vizuri, huna sababu ya kumfungua upya kisa unataka yako. Mwaka 2022 kulizinduliwa mwongozo unaoitwa Murad Code, una jina la Nadia Murad, yule aliyepewa Nobel ya amani 2018 pamoja na Dkt. Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi kule Bukavu, na unaeleza jinsi ya kuchukua maelezo ya walionusurika bila kuwaumiza tena. Mambo yake sio magumu: muhusika aelewe video inaenda wapi, nani ataiona, ana haki ya kukataa, ana haki ya kubadilisha mawazo hata baada ya kukubali. Mama akisema ndio kwa sababu anadhani ukishamrekodi utamletea unga, hiyo sio ruhusa. Na kuficha sura unafanya kwenye nakala ya kuonyesha watu, faili ya asili unaihifadhi mahali pengine haijaguswa.

Na wanaopiga hizo video wenyewe? Julai 12, 1993, Mogadishu, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba iliyokuwa na mkutano, waandishi wakaenda kurekodi waliouawa, na umati wenye hasira ukawageukia wao. Wakafa wanne: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya, Dan Eldon aliyekulia Nairobi, na Hansi Krauss, Mjerumani. Walienda kuonyesha hasara iliyowapata Wasomali, na hilo huwa siliachi bila kulisema nikiwa na darasa la vijana.

Upande wa mafaili nitasema haraka. WhatsApp ukituma video kwa njia ya kawaida inabanwa, ubora unashuka, na taarifa za ndani ya faili kama saa na kifaa zinapotea. Tuma kama dokyumenti. Usiiweke jina jipya la kuvutia. Ikifika kwangu kitu cha kwanza naitolea hashi, yaani programu inasoma faili nzima inatoa mstari mmoja wa herufi na namba, mtu akija kubadilisha hata kitu kidogo sana mstari unatoka tofauti, kwahiyo miaka ikipita naweza kuonyesha kwamba haijaguswa. Kisha nakala tatu, moja iwe nje ya nchi. Na usiitegemee YouTube wala Facebook kama stoo, video nyingi sana za vita vya Syria zilifutwa huko na mitambo inayosaka picha za ukatili, pamoja na zile zilizowekwa makusudi kama ushahidi.

Wenye klipu za Goma na Bukavu za Januari na Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia, msizifute kisa simu imejaa, na msiziposti kwanza. Zihamishie kwenye memori kadi, andika pembeni tarehe, mtaa na nani aliyepiga, mpe mtu unayemuamini. Ila kama bado ziko kwenye hiyo simu unayopita nayo kwenye vizuizi na huna pa kuzihamishia, zifute leo. Alafu kaa chini uandike ulichokiona, nacho nitakitunza.