Je, mitupo ya mbali imewamaliza masenta?

Wapenzi wengi wa mpira wa kikapu wanaamini kwamba tangu mitupo ya pointi tatu ishamiri, senta, yaani mchezaji mrefu mwenye nguvu anayecheza karibu na kikapu, hana tena thamani. Imani hiyo ina msingi: timu kweli zinatupa zaidi kutoka mbali.

Lakini piga hesabu. Anayefunga asilimia 60 ya mitupo yake chini ya kikapu huipa timu pointi 1.2 kwa kila mtupo. Wa pointi tatu anayefunga asilimia 36 huipa 1.08. Na hapo hatujagusa faulo anazovuna senta, ribaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa), wala washambuliaji wanaoghairi kuingia wakimwona amesimama chini ya kikapu. (Hilo la mwisho haliandikwi kwenye takwimu za kawaida.)

Katika ligi kuu ya Marekani, tuzo ya mchezaji bora wa msimu ilikwenda kwa masenta mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024. Kilichopungua ni soko la senta asiyejua kupasi wala kukaba nje ya eneo lake.

Ukitaka kuhakiki, fungua takwimu za mechi yoyote, linganisha pointi na idadi ya mitupo, kisha tazama timu inaruhusu pointi ngapi senta wake akiwa benchi. Mechi moja haitoshi. Chukua msimu mzima.