Kuulizwa hesabu ya sadaka si kukosewa imani

Msimu wa korosho ukifunguliwa, sadaka za shukrani huongezeka kuanzia Newala na Masasi hadi Ruangwa, na hoja ileile hurudi: kiongozi mcha Mungu haulizwi hesabu, kwani Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Sivyo. Mathayo 6:3 inamhusu mtoaji, asijionyeshe; haimhusu anayeshika fedha za wengine. Paulo alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu, alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, mtu asije akamlaumu (2 Wakorintho 8:19-21). Na huyo ni mtume!

Fedha taslimu ni rahisi: wahesabu watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja, wasaini papo hapo, ziende benki kesho yake. Jumla isomwe ibadani, bila majina ya watoaji.

Penye kasheshe ni korosho zenyewe. Gunia likilala nyumbani kwa mchungaji bila kupimwa, tayari ni ugomvi: korosho mbichi zikianikwa hupungua uzito, na mtu mwaminifu ataitwa mwizi. Basi zipimwe mbele ya waumini, kilo ziandikwe, zianikwe siku 2 au 3, zipimwe tena na upungufu uandikwe. Kisha ziende AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa jina na akaunti ya kanisa. Malipo ya stakabadhi ghalani, yaani mazao kuwekwa ghalani kwa risiti hadi yauzwe, hungoja mnada. Yakiingia kwenye akaunti ya mchungaji, ada ya mwanawe hulipwa kwanza, eti kwa kuazima.