Maumivu sugu na tiba ya kwa simu: yanayosemwa na yalivyo hasa

Maumivu yakishapita miezi 3, yawe ya kila siku au ya kuja na kuondoka, huitwa maumivu sugu. Programu za kuyadhibiti kwa mbali, kwa simu, video au masomo ya mtandaoni, aghalabu huchukua wiki 8 hadi 10. Ni mafunzo: kupanga kazi, kulegeza mwili, kulala vizuri, kuikabili hofu, kutembea kwa kipimo. Anayezidharau mara nyingi ameshasikia mojawapo ya haya.

"Daktari asiyenigusa atanitibu nini?"

Hoja hii ina haki yake mwanzoni. Kabla ya kujiunga, lazima mtaalamu akupime ana kwa ana: nguvu za miguu, mahali penye ganzi, dalili za mfupa kuvunjika, uvimbe, au kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho Afrika Mashariki bado kipo na hujificha nyuma ya "mgongo unauma tu". Hayo yakishaondolewa, kazi iliyobaki haiko mikononi mwa daktari. Iko jikoni kwako, kazini kwako, na kitandani saa nane usiku usingizi unapokataa.

Utafiti wa RESOLVE wa Marekani, uliotoa matokeo 2025, uliwagawa watu 2,331 wenye maumivu sugu mafungu matatu. Wa kwanza walipata vikao 8 na mkufunzi kwa simu au video. Wa pili walijifunza wenyewe kwenye programu ya mtandaoni. Wa tatu waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya miezi 3, waliopungukiwa na maumivu kwa angalau asilimia 30 walikuwa asilimia 32.0 katika fungu la kwanza, 26.6 katika la pili na 20.8 katika la tatu. Faida ipo, na ni ya wastani. Hata kwenye fungu lililofanya vizuri zaidi, wawili kati ya watatu hawakufikia kiwango hicho. Anayekuahidi kupona kabisa kwa njia ya simu anakudanganya.

"Bila simu janja na bando, haiwezekani"

Inawezekana hata kwa simu ya kitochi. Mpango uitwao COPES ulijaribiwa kwa maveterani (wanajeshi wa zamani) 125 wa Marekani wenye maumivu sugu ya mgongo, na matokeo yakachapishwa 2017. Mgonjwa alipewa kijitabu na kifaa cha kuhesabu hatua. Kila siku mtambo wa simu ulimuuliza kiasi cha maumivu, usingizi na hatua, naye akajibu kwa kubonyeza namba. Mara moja kwa wiki alisikiliza ujumbe wa mtaalamu uliorekodiwa kwa ajili yake. Katika kupunguza maumivu, hawa hawakuachwa nyuma na wenzao waliokwenda kliniki kuonana na mtaalamu uso kwa uso.

Video inafaa zaidi kwa mazoezi. Egemeza simu kwenye kiti, kimo cha kiuno, usogee nyuma hatua 3 hadi mtaalamu akuone kutoka kichwani hadi unyayoni. Dirisha liwe mbele yako, maana likiwa nyuma utaonekana kivuli kitupu. Mtandao ukisumbua, zimeni picha mbaki na sauti.

"Wakianza kuniuliza mawazo yangu, wanamaanisha sina ugonjwa"

Maumivu yako ni ya kweli. Mfumo wa fahamu uliokaa na maumivu muda mrefu huwa kama mbwa ambaye nyumba yake iliwahi kuvamiwa: anambwekea hata mtoto wa humo humo anayerudi shule. Hofu, kukosa usingizi na kukaa bila kujongea humzidishia ukali. Ndiyo maana haya hushughulikiwa pamoja. Picha za mgongo nazo zisikutishe peke yake. Mapitio ya 2015 yalionyesha kuwa kati ya watu wasio na maumivu yoyote, diski zilizochakaa (yaani mito iliyo kati ya mifupa ya uti wa mgongo) huonekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80.

"Siku njema ndiyo siku ya kumaliza kazi zote"

Hapa ndipo programu nyingi zinapoharibikia. Mtu akiamka mwepesi hufua, hudeki na kuchota maji, kisha analala chali siku tatu. Akiinuka, anarudia. Mwili unajifunza kwamba kazi ni adhabu, na uwezo unapungua mwezi hadi mwezi.

Dawa yake ni kutafuta kipimo cha kuanzia. Tuseme ni kufua umeinamia beseni. Pima mara tatu, siku tofauti, zikiwemo mbaya: unafua dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda waziwazi? Ukipata 14, 9 na 13, wastani ni 12. Chukua asilimia 80 yake, sawa na dakika 10 hivi. Tega saa ya simu. Ikilia, toa mikono kwenye povu hata kama nguvu unazo na shati moja tu limebaki. Kaa dakika 5, kisha rudi. Siku mbaya fanya dakika 10 zile zile, na siku njema usizidishe. Baada ya wiki moja bila kuvurugika, ongeza dakika 1. Inua pia beseni juu ya stuli, mgongo usiiname kupita kiasi.

Kinachokusimamisha ni saa. Ukisubiri maumivu yakusimamishe, umerudi kulekule. Maumivu yakipanda ghafla hata hivyo, punguza kipimo nusu kwa siku mbili tatu, kisha ukipandishe. Usikae kitandani siku nzima.

"Nikijiunga tu, naacha vidonge"

Tramadol, dawa kali ya maumivu, na dawa za jamii yake zikikatwa ghafla baada ya matumizi marefu huleta jasho, kutetemeka, kuharisha na kukosa usingizi. Hupunguzwa kidogo kidogo na aliyekuandikia. Diclofenac na ibuprofen nazo si peremende: zikitumiwa mfululizo huumiza tumbo na figo. Orodhesha kila unachomeza, hata cha dukani, umsomee mtaalamu katika simu ya kwanza.

"Kwa Kiingereza kibovu nitaelewa nini?"

Kwa Waswahili walioko Marekani: hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inalazimika kukupatia mkalimani bila malipo, na anaweza kuunganishwa kwenye simu hiyo hiyo. Mwombe unapopanga miadi. Usimfanye mtoto wako mkalimani; yapo mambo ya mwili wako ambayo hutayasema mbele yake.

"Nimeshazoea, kila maumivu ni yale yale"

Siyo. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo ukigoma kutoka, ganzi ikishika sehemu za siri au mguu ukilegea ghafla, usisubiri kikao: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Homa, kukonda bila sababu na jasho la usiku pamoja na mgongo kuuma vinahitaji kupimwa ndani ya siku chache, hata kama mkufunzi wako atapiga simu Jumatatu.