Je, wajua? Kinachokula umeme kwenye kompyuta pepe si swichi ya BIOS, ni kukosa usingizi

Ukifungua BIOS (mipangilio ya msingi inayopatikana kabla mfumo haujawaka) ya kompyuta ndogo ya mezani, kama Lenovo ThinkCentre Tiny au Dell OptiPlex Micro, utakuta swichi ya VT-x kwenye prosesa za Intel, au SVM kwenye za AMD. Ndiyo inayoruhusu mashine moja kubeba kompyuta pepe kadhaa, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu, kila moja na mfumo wake. Wengi huiacha imezimwa wakiamini kwamba ikiwashwa prosesa itakula umeme zaidi saa zote. Sivyo.

VT-x ni amri za ziada zilizomo ndani ya prosesa, na zisipoitwa na programu hazifanyi lolote. Intel ilizileta Novemba 2005, AMD ikafuata 2006. Kabla yake x86, familia ya prosesa hizi za Intel na AMD, ilikuwa na tabia ya ajabu: mfumo mgeni (ulio ndani ya kompyuta pepe) ukitumia amri ya POPF kufunga vikatizo, yaani ishara za kuishtua prosesa, bila ruhusa, prosesa iliipuuza kimyakimya. Kosa halikuripotiwa, hivyo programu simamizi, inayoendesha kompyuta pepe, haikujua kwamba mgeni alijaribu kitu. Kampuni ya VMware ilivuka kikwazo hicho mwaka 1999 kwa kutafsiri upya amri za mgeni papo kwa papo. Ni kweli VT-x ya mwanzo ilikuwa nzito. Mwaka 2006 Keith Adams na Ole Agesen wa VMware walionyesha kuwa tafsiri yao mara nyingi iliishinda. Leo mambo yamegeuka. Ukiizima VT-x, QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe, hulazimika kuiga kila amri ya mgeni kwa programu, na kazi ileile huichosha prosesa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo anayezima swichi ili aokoe umeme, halafu akaendesha kompyuta pepe hivyohivyo, anaulipia zaidi.

Umeme huliwa kwingine. Prosesa isiyo na kazi hulala kwa hatua, kuanzia C1 ambayo huamka ndani ya mikrosekunde chache, hadi C6 ambapo kiini (kitengo cha prosesa kinachotekeleza amri) huhifadhi hali yake na kukatiwa karibu umeme wote.

Chukulia nyumba ya kupanga yenye mlinzi mmoja getini. Kwanza husinzia kitini. Kukiwa kimya, hujilaza kwenye benchi. Kimya kikidumu, huvua viatu, huzima taa na kujifunika blanketi. Akilala fofofo hatumii nguvu, ila huchelewa kuamka, na kuvaa viatu nako ni kazi. Sasa mpangaji mmoja ana tabia ya kugonga dirisha kila mara kuuliza saa. Mlinzi hatavua viatu, maana hasara ya kuvivaa tena inazidi faida ya usingizi. Wapangaji wanne wa namna hiyo, kila mmoja na muda wake, hawamwachi hata ajilaze.

Mifumo ya Linux ya zamani, ikiendeshwa kama wageni, ilikuwa wapangaji hao hasa. Saa ya ndani iligonga mara 250 au hata 1000 kwa sekunde, kazi iwepo isiwepo. Toleo la 2.6.21 la mwaka 2007 lilianza kuikomesha tabia hiyo: kukiwa hakuna kazi, saa hunyamaza mpaka tukio linalofuata. Hapo mgeni hutoa amri ya HLT, ya kusimama kungoja, programu simamizi huinasa, na kama hakuna mgeni mwingine mwenye kazi, kiini hulala kweli.

Wati 10 zinazopotea usiku na mchana ni uniti 7.2 za LUKU kwa siku 30, kwa hiyo inafaa kutafuta anayegonga. Kwenye Linux, programu ya powertop huonyesha asilimia ya muda uliotumika katika kila hatua ya usingizi, na nani anaamsha mara ngapi kwa sekunde. Mmoja wa wagongaji wasiotarajiwa ni kifaa cha USB cha kuigiza ambacho Proxmox, mfumo wa kusimamia kompyuta pepe, humpa mgeni ili mshale wa kipanya ukae sawa kwenye skrini. Seva isiyo na skrini haina haja nacho. Kizime kwenye mipangilio ya mgeni huyo, kisha soma powertop upya.