Msiseme alikosea

Nimeusikia kambini, nimeusikia kwenye daladala, na juzi nimeambiwa tena na mtu aliyedhani ananisifu: eti mtegua mabomu hukosea mara moja tu. Nimeuchoka msemo huu. Maana yake ni kwamba kila mwenzetu aliyekufa kazini alijiua kwa uzembe wake. Si kweli, na marehemu hawezi kujitetea.

Mchukueni Olaf Schmid, Staff Sajenti wa jeshi la Uingereza, aliyeuawa Sangin, mkoani Helmand, Afghanistan, tarehe 31 Oktoba 2009. Alikuwa na miaka 30. Kwa miezi mitano alikuwa ameshughulikia vilipuzi 64. Agosti mwaka huohuo alipewa kazi ya kufungua njia ambayo askari waliiita Pharmacy Road, imezibwa na mabaki ya magari na kujaa mitego. Wanaopenda kuuliza kwa nini haikutumwa roboti: ilitumwa, ikalipuliwa. Akaingia mwenyewe kwa miguu, joto limepita nyuzi 45, akapapasa udongo kwa mikono.

Mtego wa kule wakati ule ulikuwa kitu cha kawaida kabisa kwa macho: dumu la njano la mafuta ya kula limejazwa baruti ya kienyeji na kufukiwa, juu yake vibao viwili vilivyotenganishwa kidogo, ukikanyaga vinagusana, umeme wa betri unapita na dumu linalipuka. Chuma kilipunguzwa makusudi ili kifaa cha kutambua chuma kisilie. Betri ilifichwa mbali na pale unapokanyaga. Hayo yote yanajulikana, sitayarefusha.

Ninalotaka mlielewe ni hili. Anayetega anakutazama. Anajua unapitia wapi, unapiga goti upande gani, gari lako linasimama umbali gani kutoka kwenye kilipuzi. Leo ukifanya kazi kwa utaratibu sahihi, kesho anatega pale ambapo utaratibu sahihi utakupeleka. Kwa hiyo mtu anaweza kufuata kila hatua aliyofundishwa, asiruke hata moja, na akafa kwa sababu kuna binadamu mwenye akili aliyekaa siku nyingi akimpangia kifo chake. Kumwita huyo "aliyekosea" ni kumsafisha muuaji.

Siku aliyokufa, Schmid alikuwa ameshategua vilipuzi vitatu. Kisha mmoja wa askari wa timu yake wanaotafuta mitego akaona waya umepita kwenye kichochoro walichokuwa wakikitumia. Waya wa namna hiyo maana yake kuna mtu mahali fulani anayeweza kulipua wakati anaoutaka mwenyewe. Timu ilikuwa ndani ya mtego, haina njia salama ya mbele wala ya nyuma. Schmid akaufuata waya hadi kwenye mizigo mitatu ya baruti iliyounganishwa chini ya ardhi, na ndipo alipouawa. Angebaki amesimama, wangeweza kulipuliwa wote. Nionyesheni kosa liko wapi. Machi 2010 ilitangazwa kwamba ametunukiwa George Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza.

Lipo jambo ambalo vitabu vyetu vya mafunzo hulikwepa. Mara nyingi, baada ya mlipuko, ushahidi umeteketea pamoja na mtu, na bado fomu inadai sababu. "Kosa la mtendaji" ni jibu jepesi kuandika. Tena tunafundishwa kwamba kila kilipuzi ni cha kwanza, kichwa kiwe kipya. Siamini hilo kama zamani. Mwili unakumbuka sitini vilivyotangulia, na sina hakika kama mapumziko ya siku chache yanautuliza. Helmand wategua mabomu walikuwa wachache na mitego haikuwa na mwisho. Uchovu wa namna hiyo msimtwishe aliyetumwa.

Kama bado mnabisha, tazameni Göttingen, Ujerumani, tarehe 1 Juni 2010. Bomu la Vita Kuu ya Pili lilipatikana ardhini, fyuzi yake, yaani kiwashio chake, ni ya kemikali, ile ambayo kimiminika cha asetoni kinalainisha kipande cha seluloidi, aina ya plastiki, taratibu mpaka kipini cha kulipua kinaachiliwa. Lilikuwa limelala zaidi ya miaka sitini. Wataalamu watatu wazoefu walikufa wakiwa bado kwenye matayarisho, kazi ya kulitegua haijaanza. Hata nafasi ya kukosea hawakuipata.